Uzi: Kwa nini vyuo vya jiji la Chicago viliachana na televisheni yao, Chaneli 20?

#1 Kijana wa Halsted

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili jambo ambalo hata wenyeji wa Chicago walilizungumza kidogo kisha wakalisahau. City Colleges of Chicago, taasisi ya umma yenye vyuo saba vya jamii, ilikuwa na kituo chake cha televisheni ya umma, WYCC, Chaneli 20, kilichokuwa kikifundisha watu majumbani tangu mwaka 1956. Mwaka 2017 taasisi hiyo ilipata karibu dola milioni 16 katika mnada wa masafa, yaani nafasi za mawimbi ya hewani, ulioendeshwa na Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu, FCC, na kabla mwaka huo haujaisha kituo kikazimwa.

Madai yangu ni kwamba waliuza shamba kwa bei ya jembe. Masafa katika jiji la tatu kwa ukubwa Marekani hayawezi kuwa na thamani ya dola milioni 16 tu, na chuo kinachodai kuwahudumia maskini hakikupaswa kuachia chombo kilichokuwa kikiingia hadi sebuleni mwao. Mwenye maelezo tofauti ayalete.

#2 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, hoja yako ni nzuri lakini tarehe zako umezichanganya, na zikiachwa hivyo uzi mzima utakwenda kombo.

Kilichoanza Septemba 1956 si WYCC bali mpango ulioitwa TV College, wa Chicago City Junior College, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya bodi ya elimu ya jiji. Mpango huo haukuwa na kituo chake. Ulikuwa ukipewa muda wa hewani na WTTW, Chaneli 11, kituo cha elimu kilichoanza mwaka 1955 na ambacho kilimilikiwa na chama cha kiraia, si na chuo. Fedha za majaribio ya miaka mitatu zilitoka katika mfuko uliofadhiliwa na Ford Foundation. Aliyeusimamia mwanzoni ni Clifford Erickson, ambaye pamoja na Hymen Chausow alitoa ripoti ya majaribio hayo mwaka 1960; ripoti ilionyesha kwamba waliosomea nyumbani hawakuwa nyuma ya waliokaa darasani.

Mwaka 1965 wenye WTTW walifungua kituo cha pili kwa ajili ya masomo, WXXW, kwenye Chaneli 20. Kilikuwa na mawimbi hafifu na picha zisizo na rangi, na kikafungwa mwaka 1974. City Colleges wenyewe walikuja kuwasha WYCC kwenye chaneli hiyo hiyo Februari 1983. Kwa hiyo masomo ya televisheni yalitangulia kituo kwa zaidi ya robo karne, na mtu akitaka kujua kwa nini kituo kilikufa, lazima kwanza ajue kwamba chuo kiliwahi kufundisha kwa televisheni miaka mingi bila kumiliki hata nguzo moja ya mnara.

#3 Kijana wa Halsted

Nashukuru kwa sahihisho, mwalimu. Hata hivyo naona linatia nguvu hoja yangu: watu waliosubiri miaka yote hiyo kupata chaneli yao wanaiachiaje kirahisi namna ile?

#4 Bi Mkubwa wa Uptown

Wanangu, mimi nilisoma kwa Chaneli 20, kwa hiyo niacheni niseme kabla wataalamu wa mnara hawajauteka uzi.

Nilifika Chicago katika miaka ya tisini nikitokea Tanga, nikapata kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Darasa la kawaida lisingewezekana. Nilijiandikisha masomo ya televisheni, nikanunua kitabu na mwongozo wa masomo, na kila somo lilikuwa na saa yake hewani. Mashine ya video ndiyo iliyokuwa ikinisubirisha mhadhara nikiwa kazini. Nilikuwa nikibandika karatasi nyeupe kwenye mgongo wa kanda, nimeandika kwa kalamu nyekundu UCHUMI, USIGUSE. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa hajui kusoma Kiswahili vizuri, alirekodi katuni juu ya mhadhara wa mfumuko wa bei, nikaenda kwenye mtihani wa katikati ya muhula bila kujua chochote kuhusu mada hiyo isipokuwa yale niliyokuwa nikiyaona dukani.

Mtihani wenyewe ulifanyikia chuoni, mbele ya msimamizi, siku ya Jumamosi. Humo chumbani tulikuwa akina mama wa makamo, dereva mmoja wa basi aliyekuja na sare zake, na kijana aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu. Hatukuwa tumewahi kuonana, lakini wote tulikuwa tukimjua mhadhiri yule yule na tai yake ile ile. Ndiyo maana sikubali kirahisi maneno ya kwamba kituo hakikuwa na watazamaji. Watazamaji wa namna yetu tulikuwa tukitazama saa ambazo wapimaji wa watazamaji walikuwa wamelala.

#5 Mwalimu Mstaafu

Bi Mkubwa, uliowakuta chumbani ni warithi halisi wa wanafunzi wa mwaka 1956. Wakati ule wengi walikuwa akina mama waliobanwa na kazi za nyumbani, watu wenye ulemavu na, baadaye, wafungwa wa gereza la Stateville. Kazi zao waliandika na kuzituma kwa posta, mhadhiri alikuwa na saa maalumu za kupokea simu, na chuoni walikwenda kwa ajili ya mtihani. Mtu aliweza kumaliza stashahada nzima ya miaka miwili kwa njia hiyo.

#6 Fundi Masafa

Habari za mchana. Mimi nitaeleza upande wa mitambo, kwa sababu naamini hatima ya Chaneli 20 iliandikwa mapema sana.

Aprili 1952 FCC ilitenga chaneli 242 nchi nzima kwa ajili ya elimu, kazi ambayo kamishna Frieda Hennock aliipigania kwa miaka. Tatizo ni kwamba 80 tu kati ya hizo zilikuwa kwenye VHF, yaani chaneli 2 hadi 13. Zilizobaki 162 ziliwekwa UHF, yaani chaneli 14 na kwenda juu, wakati televisheni nyingi za majumbani hazikuwa na uwezo wa kupokea UHF kabisa. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waweke uwezo huo katika kila televisheni ilipitishwa mwaka 1962 na ikaanza kutumika mwaka 1964. Katika jiji la Chicago, WTTW ilipata Chaneli 11 iliyoshika kila nyumba, na Chaneli 20 ikawa ya kutafutwa kwa kuzungusha kitufe cha pili na kusogeza antena dirishani. Tabia za watazamaji hujengeka mapema. Hadi WYCC inazaliwa mwaka 1983, mji mzima ulikuwa umeshazoea kwamba televisheni ya umma ni Chaneli 11, basi.

#7 Nyuki

Fundi, nakuheshimu, lakini maelezo yako yanakufa mwaka 2009. Juni 12 mwaka ule vituo vikubwa vyote vya Marekani vilizima analojia, na katika dijitali UHF ndiyo iliyogeuka kuwa bora huku VHF ikilalamikiwa. Zaidi ya hapo, wengi walikuwa wakitazama kwa kebo, ambako chaneli 11 na chaneli 20 zina picha sawasawa. Kama ugonjwa ulikuwa UHF, mgonjwa alikuwa amekwisha pona miaka minane kabla ya kuzikwa.

Maelezo yangu ni mepesi zaidi: intaneti. Kituo cha chuo kilikuwa na sababu ya kuwapo kwa kuwa mhadhara haukuweza kufika kwa Bi Mkubwa kwa njia nyingine. Siku mhadhara ulipoanza kupatikana kwenye kompyuta, kwa saa anayoitaka mwenyewe na bila mtoto wa kurekodi katuni juu yake, chuo kilibaki na mnara, mafundi na bili ya umeme, lakini bila darasa.

#8 Bi Mkubwa wa Uptown

Mwanangu Nyuki, kompyuta yenyewe tungeinunua kwa fedha ipi? Televisheni tuliikuta imetupwa kando ya njia, tukaibeba watu wawili hadi ghorofa ya tatu, ikafanya kazi miaka sita.

#9 Mtoto wa Houston

Salaam kutoka Texas. Wanachicago mnazungumza kana kwamba televisheni ya chuo ilianzia kwenu. Kituo cha kwanza cha televisheni ya elimu nchini Marekani ni KUHT, Chaneli 8, ambacho kiliingia hewani Mei 25, 1953 kikiwa mali ya Chuo Kikuu cha Houston kwa ubia na wilaya ya shule za mji huo. Profesa Richard Evans alifundisha saikolojia hewani, somo likihesabiwa rasmi katika masomo ya chuo, na huyo Hennock aliyetajwa na Fundi ndiye aliyekuja kuhutubia siku ya uzinduzi rasmi mwezi Juni. Wilaya ya shule ilijitoa mwaka 1959, chuo kikabaki peke yake, na kituo kipo mpaka leo.

Nalisema hili kwa sababu linagusa swali la mleta uzi. Houston ilipewa VHF na ikawa televisheni ya umma pekee kwa mji wake. Haikuwa na ndugu mkubwa wa kushindana naye.

#10 Mwalimu Mstaafu

Mtoto wa Houston, neno "elimu" lililomo ndani ya sentensi yako ndilo linalokuokoa. Kituo cha kwanza kumilikiwa na chuo kilichodumu ni WOI-TV cha Ames, Iowa, kilichofunguliwa Februari 1950 na chuo ambacho leo ni Iowa State University. Kilikuwa cha kibiashara, kikichukua vipindi vya mitandao mikubwa, na chuo kilikiuza mwaka 1994 baada ya mabishano marefu. Kwa hiyo kuuza nako si jambo lililobuniwa Chicago.

#11 Mhasibu wa Kando

Wakuu, nimesoma tangu mwanzo na nashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kutaja bajeti.

Jimbo la Illinois lilikaa bila bajeti kamili kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017, kutokana na mvutano kati ya gavana Bruce Rauner na bunge la jimbo. Vyuo vya umma vilipata fedha kidogo, kwa vipande, na kwa kuchelewa. City Colleges walipunguza wafanyakazi na kubana kila kitu. Sasa tazameni ratiba: mnada wa FCC ulifunguliwa Machi 2016, katikati kabisa ya ukame huo, na ukafungwa Aprili 2017. Taasisi ambayo haina uhakika wa mishahara ya muhula ujao, na ambayo ina leseni inayoweza kugeuzwa fedha taslimu mara moja, haihitaji mtu wa kuishawishi. Sioni siri yoyote hapa.

#12 Shaka ya Haki

Mhasibu, bajeti inaeleza ni kwa nini waliuza mwaka ule, lakini haielezi kwa nini kituo ndicho kilichokuwa cha kwanza kupelekwa mnadani. Taasisi yenye vyuo saba ina mambo mengi ya kupunguza.

Chukueni na hili. WYCC haikuwa na haki ya kurusha kila kipindi cha PBS, mtandao wa televisheni ya umma wa Marekani. Mahali penye kituo zaidi ya kimoja cha PBS, kituo cha pili huingia katika mpango wa kutofautisha vipindi, ambapo huruhusiwa kuchukua asilimia 25 tu ya vipindi vya mtandao, na kwa kawaida huvirusha siku kadhaa baada ya kituo kikuu. Eneo la Chicago lilikuwa na vitatu: WTTW, WYCC, na WYIN cha Gary upande wa Indiana. Televisheni ya umma Marekani huishi kwa michango ya watazamaji, na mtazamaji humchangia aliyemwonyesha kipindi anachokipenda mara ya kwanza. WYCC iliachiwa marudio, na kwa marudio huwezi kupitisha bakuli.

Kuna jambo jingine. Kuanzia mwaka 2010 uongozi wa City Colleges chini ya chansela Cheryl Hyman, na baadaye ukiungwa mkono na meya Rahm Emanuel, ulielekeza nguvu zake zote kwenye vyeti vinavyoleta ajira: afya, usafirishaji, viwanda, kila chuo na fani yake. Katika mpango wa namna hiyo kituo cha televisheni cha kuhudumia mji hakina safu ya kuandikwa. Kwa maoni yangu kiliuawa kwa kukosa msemaji ndani ya chumba cha mkutano, na fedha zilikuja tu kuthibitisha uamuzi.

#13 Mhasibu wa Kando

"Kukosa msemaji" hakuna namba, ndugu. Bajeti ina namba.

#14 Shaka ya Haki

Namba nazo huandikwa na watu walioketi katika chumba hicho hicho, mkuu.

#15 Mwanachuo wa Zamani

Habari kutoka Dar es Salaam. Mnaonaje tukilinganisha na Mlimani TV ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Nayo ni televisheni ya chuo, na wengi hatujui inaendeshwa kwa fedha zipi.

#16 Mwalimu Mstaafu

Ni swali zuri, mkuu, na linastahili uzi wake wenyewe. Ufungue, nami nitachangia. Hapa bado hatujamjibu mleta uzi kuhusu bei.

#17 Fundi Masafa

Kuhusu bei, niruhusuni nieleze mnada wenyewe ulivyoendeshwa, kwa sababu watu wengi wanadhani ulikuwa wa kupandisha bei.

Ulikuwa na pande mbili. Upande wa vituo vya televisheni bei ilikuwa ikishuka. FCC ilianza kwa kukitajia kila kituo bei kubwa sana ya kuanzia, na katika miji kama Chicago bei hizo zilifika mamia ya mamilioni ya dola. Kila raundi bei ilipunguzwa, na kituo kiliulizwa: bado mko tayari? Waliokataa waliondoka mnadani na kubaki na chaneli zao, na wale ambao FCC iliona haiwezi tena kuwapatia nafasi hewani waligandishiwa bei iliyokuwapo. Upande wa pili kampuni za simu zilikuwa zikipandisha bei ya kununua masafa yaliyokusanywa.

Tume ilianza kwa lengo la kukusanya megahezi 126 (kipimo cha upana wa masafa). Kampuni za simu hazikuwa tayari kulipa gharama hiyo, lengo likashushwa mara tatu hadi megahezi 84, na kila liliposhushwa, mahitaji ya vituo yalipungua na bei zikaporomoka zaidi. Mwishowe vituo 175 viligawana kama dola bilioni 10, na mnunuzi mkubwa akawa T-Mobile, aliyetumia karibu dola bilioni 8. Kwa hiyo, Kijana wa Halsted, waliosoma magazeti ya mwaka 2016 wakaona zile bei za kuanzia waliota ndoto ambazo mnada haukukusudia kuzitimiza. Milioni 16 ni kiasi kilichobaki baada ya kelele kuisha.

Niongeze dokezo moja kwa wapenzi wa mitambo. Namba 20 iliyokuwa ikionekana kwenye skrini ni jina tu. Tangu dijitali, WYCC ilikuwa ikirusha kwenye chaneli 21. Masafa yaliyokabidhiwa kampuni za simu ni yale ya chaneli 38 na kwenda juu. Maana yake ni kwamba T-Mobile hawakuchukua nafasi ya WYCC. Nafasi hiyo ilihitajika ili vituo vilivyofukuzwa kule juu vipate pa kuhamia huku chini.

#18 Kijana wa Halsted

Fundi, maelezo haya sikuwahi kuyapata popote, nashukuru. Lakini bado najiuliza: kama bei ilikuwa ikishuka mbele ya macho yao, walikuwa na kila nafasi ya kusema "imetosha, tunabaki". Hawakusema.

#19 Msomaji wa San Jose

Kusema "imetosha" kuna hatari zake. Huku kwetu California wilaya ya vyuo vya jamii ya San Mateo ilikuwa na kituo chake, KCSM-TV, tangu mwaka 1964. Kilikuwa kikila hasara, wilaya ikaingia ubia na kampuni ya LocusPoint, iliyogharamia uendeshaji kwa miaka kadhaa kwa makubaliano ya kugawana fedha za mnada. Mnada ulipofika, zabuni ya wilaya haikuwasilishwa inavyotakiwa katika hatua mojawapo, kituo kikatolewa nje, na mamilioni yaliyotarajiwa yakayeyuka. Wabia wakafikishana mahakamani. Kituo kiliuzwa kwa dola milioni 12 kwa wenye KRCB, kituo cha umma cha kaskazini zaidi, ambacho chenyewe kilikuwa kimepata karibu dola milioni 72 katika mnada ule ule. Mwaka 2018 kikabadilishwa jina kuwa KPJK.

Kwa hiyo City Colleges angalau walijaza fomu zao.

#20 Nyuki

Kumbe mtu anaweza kukosa mamilioni kwa kutobonyeza kitufe. Nimefarijika kuhusu maisha yangu.

#21 Mhasibu wa Kando

Msomaji wa San Jose ametaja California, basi nami nilete kisa ambacho kinatuvuruga sote, hata mimi na bajeti yangu. Wilaya ya vyuo vya jamii ya San Bernardino ina kituo kiitwacho KVCR. Katika mnada huo huo walipata zaidi ya dola milioni 157, na hawakuzima kituo. Walichouza ni nafasi yao ya UHF, wakahamia chini kwenye VHF ambako mawimbi ni ya taabu, lakini kebo na setilaiti ziliendelea kuwabeba.

Chuo cha jamii dhidi ya chuo cha jamii, mnada mmoja, sheria moja: mmoja ameondoka na milioni 157 na kituo, mwingine ameondoka na milioni 16 bila kituo.

#22 Fundi Masafa

Usilinganishe bila ramani, mhasibu. KVCR wako ndani ya soko la Los Angeles, ambako hewa imejaa vituo kutoka San Diego hadi milima ya San Bernardino, na kila nafasi iliyoachwa ilikuwa ikizibua mafundo mengi. FCC haikuwa ikilipa kwa umaarufu wa mji. Ililipa kulingana na ugumu wa kuvipanga upya vituo vilivyobaki.

#23 Shaka ya Haki

Ugumu wa kupanga vituo unaeleza tofauti ya bei. Hauelezi tofauti ya nia. San Bernardino walitafuta njia ya kubaki hewani, na njia ya kuhamia VHF ilikuwa imo katika kanuni za mnada kwa kila mwenye kituo cha UHF. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, nacho kiliingia kwenye mazungumzo ya mnada, na kituo chake WHUT, televisheni ya kwanza ya umma nchini humo kumilikiwa na Waafrika-Wamarekani, bado ipo hewani.

#24 Msomaji wa San Jose

Na kuna njia nyingine ambayo Chicago ingeweza kuifuata: kuwauzia watazamaji wenyewe. KOCE ilianzishwa mwaka 1972 na wilaya ya vyuo vya Coast, kule Huntington Beach. Wilaya ilipotaka kuiuza, mfuko wa wafadhili wa kituo ulijitokeza kununua kwa malipo ya muda mrefu. Mtandao wa kidini wa Daystar, uliokuwa umeleta fedha taslimu, ukashitaki, kesi ikaenda hadi mwaka 2007 ndipo pande zikapatana. Leo ndiyo PBS SoCal, na tangu KCET, kituo kikubwa cha Los Angeles, ilipojitoa PBS mwanzoni mwa 2011, kile kituo kidogo cha chuo ndicho kikawa kituo kikuu cha PBS cha Los Angeles nzima.

#25 Kijana wa Halsted

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Chicago hapakuwa na mfuko kama huo wenye nguvu, kwa sababu, kama alivyosema Shaka, waliokuwa na fedha walikwisha zipeleka Chaneli 11.

Nami niliishi karibu na Kennedy-King, kimojawapo cha vyuo vya City Colleges, pale Englewood, ambako studio zilikuwa. Kipindi chao kiliitwa "Off 63rd", kikiongozwa na Garrard McClendon, na jina limetokana na barabara ya 63 iliyo hapo nje. Kamera za vituo vingine zilifika mtaani kwetu palipokuwa na utepe wa polisi tu. Hawa walikuwa wakiingia kazini kila siku kwa mlango ule ule tunaopita sisi kwenda kununua mkate.

#26 Bi Mkubwa wa Uptown

Na msisahau chaneli yao ya pembeni iliyokuwa ikibeba MHz Worldview, mtandao wa vipindi vya kimataifa. Kabla watoto hawajaniwekea intaneti, pale ndipo nilipokuwa nikipata France 24 na Deutsche Welle kwa antena ya bure, na habari za Afrika zilikuwemo zaidi ya dakika moja.

#27 Nyuki

Sasa ukibonyeza 20 unapata nini, Bi Mkubwa? Weusi mtupu?

#28 Mwalimu Mstaafu

Si weusi. PBS waliondolewa Oktoba 2017, kituo kikabaki kwa muda mfupi na MHz Worldview peke yake, na mwishoni mwa Novemba mtambo ukazimwa. Lakini mnada haukuchukua leseni, ulichukua masafa. Leseni waliinunua wenye WTTW, na Aprili 2018 Chaneli 20 ikarudi ikiwa imepanda juu ya mawimbi ya Chaneli 11, vituo viwili katika mtambo mmoja. MHz Worldview ilipofungwa mwaka 2020, nafasi yake ilichukuliwa na FNX, televisheni ya wenyeji asilia wa Amerika.

#29 Fundi Masafa

Na FNX inaandaliwa na nani? Na KVCR, wale wale wa San Bernardino waliotajwa na Mhasibu. Waliianzisha mwaka 2011 kwa ushirikiano na kabila la San Manuel. Kwa hiyo kwenye Chaneli 20 ya Chicago bado unatazama televisheni ya chuo cha jamii, ila chuo chenyewe kiko California.

#30 Mhasibu wa Kando

Hata hilo linarudi kwenye fedha. Kabila lilifadhili, chuo kikaweza. Chicago mfadhili alikuwa jimbo, na jimbo halikuwa na bajeti.

#31 Shaka ya Haki

Kabila lilifadhili kwa sababu mtu wa chuo alikwenda kuomba. Tutabishana mpaka kesho, mhasibu.

#32 Kijana wa Halsted

Swali langu la mwisho kwa Fundi: City Colleges wakibadili mawazo leo, wanaweza kuomba chaneli nyingine?

#33 Fundi Masafa

Kuomba si kosa, lakini baada ya vituo kubanwa upya chini ya chaneli 37, sioni nafasi ya kituo kipya chenye nguvu kamili katika jiji kama Chicago. Njia iliyobaki ni kukodi muda au chaneli ya pembeni kwa mwenye mtambo, kama walivyokuwa wakifanya mwaka 1956.

#34 Bi Mkubwa wa Uptown

Basi waanzie hapo. Mwongozo wangu wa uchumi bado ninao, ukurasa wa mfumuko wa bei haujawahi kuandikwa kitu.